Somo la Kazi za Mikono: Mapambo ya Kiangazi



Katika kitabu cha Kifaransa cha kalasi za chini kuko somo moja juu ya otone. Mle wanaeleza majani mekundu na ya manjano yanaanguka njiani, watoto wanayaokota, wanayapeleka nyumbani, mama anayapanga juu ya meza. Mwenzetu mmoja wa kalasi ya pili alituuliza: "Wakubwa, hiyo otone iko nini? Na kama majani yamekwisha kufa, sababu gani wanayapenda hivi?" Tulicheka. Kiisha tuliona kama ulizo lake iko ya maana, na kati yetu hakuna aliyeweza kulijibu vizuri. Basi tulitafuta. Somo hili ni jibu lake, na tena ni habari ya kazi tuliyofanya sisi wa kalasi ya tano tulipopewa kupamba chumba kikubwa kwa siku ya proklamasio. Siyo kila kitu kilienda vizuri. Tutaeleza na yale yaliyoharibika, maana hayo ndiyo yalitufundisha zaidi.

Otone na rangi za majani

Otone ni majira ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Yanaanza karibu na tarehe 22 au 23 ya mwezi wa tisa, yanaendelea mpaka mwezi wa kumi na mbili. Kwetu karibu na ikweta mchana una masaa 12 hivi mwaka mzima, hatuoni tofauti kubwa. Kwao siyo hivyo. Kule Paris mchana wa mwezi wa sita unafika masaa 16, lakini mwisho wa mwezi wa kumi na mbili unabaki masaa 8 tu na kitu kidogo. Miti inaona mchana unapofupika. Inajua (tuseme hivyo, ingawa mti hauna akili) kama baridi iko njiani, na majani mepesi hayawezi kuivumilia.

Tulijifunza katika biolojia kama rangi ya kijani inatoka kwa klorofili, na klorofili inavunjika kila siku, mti unatengeneza nyingine. Wakati wa otone mti unaacha kutengeneza nyingine. Kijani kinaondoka, na manjano inaonekana. Manjano hiyo ni karotenoidi, na ilikuwa ndani ya jani tangu mwanzo, imefichwa tu. Nyekundu ni habari ingine. Nyekundu ni antosianini, na mti unaitengeneza upya, katika siku za mwisho za jani, kwa sukari iliyobaki ndani yake. Kiisha mahali shina la jani linaposhika tawi panajengwa ukuta mwembamba kama kifuniko cha chupa, na jani linaanguka lenyewe. Kumbe jani la otone halikung'olewa na upepo, mti wenyewe uliliachilia.

Msidhani kama rangi hizi ni za Wazungu peke yao. Angalieni badamie, ule mti wa kivuli wenye matawi yanayojipanga kama sahani juu ya sahani: kabla ya kuangusha majani yake unayageuza mekundu kabisa. Na wenzetu waliotoka Katanga wanashuhudia jambo ingine la kushangaza. Kule katika pori la miombo, mwisho wa kiangazi, hata mvua bado kunyesha, miti inatoa majani mapya nayo yanazaliwa mekundu kama shaba, kiisha ndiyo yanakuwa kijani. Ni antosianini ileile. Ulaya nyekundu inakuja jani likifa, Katanga inakuja jani likizaliwa.

Sasa, sababu gani wanayapenda? Otone ni wakati wa mavuno yao. Wanafunga majani, masuke ya ngano na matunda makavu kuwa duara, wanalitundika mlangoni. Huko Marekani wanaweka maboga makubwa mbele ya nyumba, pamoja na mahindi ya rangi nyingi na vibuyu vya kila namna. Hapa tunataka mjue kitu kimoja. Boga na mahindi vilitoka Amerika vikatufikia sisi, lakini kibuyu, hiki tunachowekea maziwa na mbegu, ni mmea wa Afrika, nao ulifika Amerika maelfu ya miaka kabla ya meli za Wazungu. Kwa hiyo hakuna haya kupamba na kibuyu. Ni kitu cha kwetu kilichotembea mbali.

Yaliyotupata

Kwetu otone hakuna, lakini kiangazi iko. Hapa milimani ya Kivu mvua inakatika tangu mwezi wa sita mpaka wa nane, na proklamasio inaanguka mwanzo wa mwezi wa saba, wakati kila kitu kimekauka vizuri. Zamani kamati ilikuwa inanunua maua ya plastiki na karatasi za kung'aa mjini. Mwaka ule feza ilikuwa hapana. Prefe alituambia: "Nendeni porini, mtaona mapambo."

Tukaenda, lakini tulienda siku moja tu mbele ya sikukuu, na hilo ndilo kosa letu la kwanza. Tulikata migomba miwili mizima, tukaisimamisha mlangoni kama nguzo, tukaifunga upinde wa matawi mabichi. Jioni ilikuwa nzuri sana, hata walimu walisifu. Kesho yake saa sita majani yalikuwa yamelala kama nguo iliyooshwa. Kamba zilikuwa za maganda mabichi ya mgomba, nazo zilipokauka zilipungua unene, mafundo yakalegea, upinde ukainama upande mmoja. Tena maji ya mgomba yalidondoka juu ya kikwembe kipya cha mama mmoja aliyekuja kumwangalia mtoto wake akipokea karatasi. Mnajua maji ya mgomba: kwanza hayana rangi, kiisha yanageuka kahawia, na hakuna sabuni inayoyatoa. Yule mama hakusema neno mbaya. Alituangalia tu, na ile ilituuma kuliko matusi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tutalieleza mbele.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe

Tangu siku ile tulielewa kama pambo la majani ni shauri la maji. Kitu kibichi kinanyauka, kinapungua, kinaoza. Kitu kilichokaushwa vizuri kinabaki vile kilivyo miezi mingi. Basi, anzeni wiki tatu mbele, siyo siku moja.

Majani mapana ya rangi, kama ya badamie, muyaokote asubuhi yakingali laini. Muyapange kati ya magazeti ya zamani, jani lisiguse jani lingine, na juu muweke mawe au vitabu vizito. Karatasi inakunywa maji ya jani. Kwa hiyo kila siku ya pili mubadilishe karatasi, au zile zile muzianike juani na kuzirudisha. Kisipofanyika hivyo, jani linapata ukungu mweusi. Siku 10 mpaka 14 zinatosha. Kiisha musiyaweke mahali jua linapiga, kwa sababu mwangaza unakula nyekundu, na jani linabaki kahawia tu.

Majani ya grevilea, ule mti uliotoka Australia, ni mazuri kwa sababu ya chini yake, panang'aa kama feza. Muyapange yakionyesha chini. Matawi ya mikaratusi yenye vikombe vyake vidogo vya mbegu, pamoja na nyasi ndefu na masuke ya mtama, yanafungwa mafungu madogo na kutundikwa kichwa chini, kivulini, penye upepo. Kichwa chini ni kwa sababu shina likikauka limeinama halinyooki tena. Nyasi mukate kabla hazijaiva kabisa. Tulikata zilizoiva, na kila mtu alipofunga mlango kwa nguvu mbegu zilianguka juu ya vichwa vya wageni.

Majani ya mgomba musikate mabichi, tafadhali. Yale makavu yanayoning'inia kwenye shina ndiyo yanatakiwa, pamoja na maganda ya shina yenyewe. Ukiyatazama vizuri utakuta rangi nyingi, tangu nyeupe ya maziwa mpaka kahawia nyeusi. Loweshe kidogo, piga pasi ya makala isiyo moto sana, na litanyooka kama karatasi. Hapo unaweza kulikata kwa wembe na kubandika picha juu ya karatasi ngumu: nyumba, mama mwenye mtungi, mtumbwi. Katika kazi zote hii ndiyo tuliipenda kuliko zingine, na haikutuomba hata franka moja.

Matunda makavu ya sapini, yale yenye magamba, yana ajabu yake. Weka moja ndani ya beseni ya maji uende kula. Ukirudi utakuta magamba yamejifunga. Weka juani, yatafunguka tena. Kila gamba lina pande mbili, na upande wa nje unavimba ukipata maji kuliko wa ndani, basi gamba linasukumwa kufunga. Mti unafanya hivyo ili mbegu zitoke siku za ukavu tu, wakati upepo unaweza kuzibeba. Sisi tumetundika moja mlangoni kwa kalasi, na inatuambia mvua kuliko radio.

Kwa mahindi jihazarini na fukusi, yule mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu kama mukonga wa tembo. Tulitundika mahindi ishirini yenye rangi nzuri, na mwezi wa kumi tulikuta unga chini na matundu juu. Hayakuwa makavu ya kutosha. Kuko njia ya kupima ambayo wakulima wanafanyaka, na inafaa hata kwa mbegu za nyumbani. Kausha chumvi kidogo juu ya moto. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka vijiko viwili vya chumvi ile na glasi moja ya punje za mahindi. Tikisa kwa nguvu dakika moja, kiisha acha itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi yangali na maji mengi, yaani zaidi ya 15 kwa mia, yarudishwe juani. Chumvi ikianguka chini yote, yamekauka. Maganda ya nje ya muhindi musiyatupe: ukiyalowesha dakika chache yanakuwa laini, unayakunja maua, unayafunga, nayo yakikauka yanashika umbo.

Kibuyu kinataka uvumilivu. Mukiache shambani mpaka kikonyo kikauke, kiisha mahali penye hewa, mwezi mmoja, miwili, hata zaidi kama ni kikubwa. Ukungu wa nje unapanguswa tu. Mukikitikisa na kusikia mbegu zinacheza ndani, iko tayari.

Mbegu: someni hapa polepole

Sasa lile kosa la pili. Wenzetu walileta kutoka porini mbegu nzuri sana, nyekundu ya kung'aa zenye jicho jeusi. Kuko watu wanaoziita turituri. Zinazaliwa ndani ya maganda ya mmea unaopanda juu ya miti mingine. Tulizitoboa kwa sindano, tukafanya mkufu wa mbegu 40, tukauzungusha mezani pa wageni. Hakuna aliyetuzuia kwa sababu hakuna aliyejua.

Kisha sikukuu tulikuta mtoto mdogo wa mwalimu wetu mmoja amekaa chini ya meza, mkufu kinywani, uzi umekatika. Tulihesabu: mbegu 37. Mbili tulizikuta chini ya benchi. Ya tatu hatukuipata. Mtoto alikuwa anacheka, hana neno, na wengi walisema, "Aa, itatoka yenyewe." Lakini mganga wa dispensari alipoona mbegu alisimama palepale. Alimpeleka hospitali na mbegu moja mkononi, ili wakubwa wake waione. Walimlaza siku tatu. Siku zile tatu hakuna mtu wa kalasi ya tano aliyekula vizuri.

Mtoto alipona, hakuugua hata kidogo. Pengine mbegu ilipotea tu katika majani. Lakini mjue sababu ya hofu yao. Ndani ya mbegu ile kuko sumu inayoitwa abrini, inayozuia chembe za mwili kujitengenezea protini. Mbegu moja iliyotafunwa vizuri inaweza kuua mtu. Ganda lake ni gumu, na mbegu nzima ikimezwa mara nyingi inapita bila kufunguka. Lakini zetu tulikuwa tumezitoboa, mlango tulikuwa tumeufungua wenyewe. Tena dalili hazikuji mara moja. Masaa mengi yanaweza kupita, hata siku, mtu anaonekana mzima, ndipo kutapika na kuhara damu kunaanza. Dawa ya kuvunja sumu hii haipo; waganga wanasaidia mwili tu uvumilie. Kwa hiyo mtu akimeza, musingoje augue. Musimlazimishe kutapika, musimpe maziwa wala mawese mkidhani ni dawa. Hospitali, na mbegu mkononi.

Ndugu zake mbaya ni mbegu za mbarika, zile zenye madoa kama kupe, ambazo zina sumu ya risini inayofanya kazi kwa njia ileile. Pia mbegu nyekundu za mti wenye magome mazito na maua ya rangi ya moto, ambao Wanyarwanda wanauita umuko. Na lorie-roze ya bustani, mti wote: jani, ua na fimbo. Sisi mkufu ule tuliutupa ndani ya shimo la choo.

Mukitaka shanga, kuko zingine nzuri zisizo na hatari hii. Kuko lile jani refu la mabondeni kama mtama, linalozaa shanga za kijivu zinazong'aa, na Mungu amekwisha kuzitoboa: ukivuta uzi wa katikati tundu linabaki. Wafaransa wanaziita machozi ya Yobu. Na kuko mbegu nyeusi za kana, lile ua kubwa la njiani lenye majani kama ya mgomba mdogo. Ni ngumu kama risasi, ndiyo maana watu wanazitia ndani ya kayamba. Lakini hata hizi, mtoto mdogo asiachiwe, maana shanga inaweza kumziba pumzi.

Kole na duara la mlangoni

Kole ya dukani iko bei. Chukua kijiko kimoja cha unga wa mihogo uliochekechwa, koroga na maji baridi kwanza, vijiko saba hivi, kiisha weka juu ya mbabula na usiache kukoroga. Ikigeuka kutoka nyeupe na kuwa kama kioo cha kiza, iko tayari. Ukiweka unga moja kwa moja katika maji ya moto utapata mafundo, yaani fufu mbaya. Pika ya leo tu. Ya jana inanuka, na mende wanaipenda. Paka nyembamba.

Duara lenyewe tunafanya na mitamba ya marakuja iliyozeeka. Hiki ndicho kitu kimoja tu kinachotakiwa kibichi, kwa kuwa kikikauka kinavunjika. Zungusha mara nne au tano, ukisokota, ukubwa wa sahani ya kulia. Acha siku tano. Litapungua kidogo na kuwa gumu, na hapo ndipo unaanza kufunga juu yake yaliyokauka: matawi makubwa kwanza yakielekea upande mmoja, kiisha majani ya grevilea, mwisho matunda ya sapini na maua ya maganda ya mahindi. Usilijaze pande zote sawasawa. Letu zuri kuliko yote lilikuwa tupu upande wa juu. Tulikosa vitu, na likapendeza.

Kitu kimoja kingine. Vyote hivi ni kuni. Majani ya mikaratusi yana mafuta, yanawaka hata kuliko karatasi. Basi mishumaa na taa ya petroli viwe mbali, na pambo lisiguse balbu wala waya wa umeme. Nyumba ikiwa haina umeme usiku wa sikukuu, mapambo yakae ukutani na taa zikae mezani. Kisha sikukuu yawekwe ndani ya kartoni, siyo ndani ya sashe ya plastiki: sashe inafunga maji kidogo yaliyobaki, na mwaka ujao mutafungua ukungu.

Maulizo ya kujipima

Sababu gani jani la manjano halihitaji rangi mpya, na jani jekundu linaihitaji? Tunda la sapini likijifunga usiku, hewa ya usiku ule ilikuwa namna gani? Mtoto amemeza mbegu nyekundu saa mbili asubuhi, saa nane anacheza mpira: mutafanya nini? Na kazi ya mikono: kila kalasi ihesabu miti ya uwanjani kwetu inayobadilisha rangi ya majani wakati wa kiangazi, ilete jani moja la kila mti, limekaushwa kati ya karatasi. Majibu mutaleta kwetu kalasi ya tano kabla ya gazeti la mwezi ujao. Majani mabichi hatutapokea.